Mgeni wa Shamba la Mama

Shambani kwa mama ilikuwa marufuku kutaja alama za Mgeni kwa sauti. Ukitaka kumwuliza mwenzio kama mche huu ni mtama wetu au ni Mgeni, unamsogelea mpaka sikioni, unanong'ona. Mimi, ambaye tangu utoto sina subira wala sauti ya chini, nilichapwa kwa kosa hilo zaidi ya mara moja.

Mgeni ni jina ambalo mama alilipa gugu moja, mtama mwitu unaoota katikati ya mtama wa kupandwa. Watu walisema lilishuka na mafuriko kutoka vilima vya upande wa Kibakwe. Likikomaa linapukutisha punje zote chini kabla hujafika na kisu, unabaki na suke tupu mkononi. Kaka yangu alipenda kulitania huku akiling'oa: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!" Sisi tulicheka. Mama hakucheka.

Maana mama alikuwa na mbegu yake. Alipewa na mama yake alipoolewa, akaja nayo imefungwa kwenye pindo la kanga: mtama mwekundu, wenye suke lililofumbana. Ugali wake una utamu fulani unaokuja ukishameza. Kila mavuno mama alichagua masuke mazuri kuliko yote, akayafunga kwa kamba na kuyaning'iniza jikoni, juu ya mafiga, yapate moshi yasiliwe na wadudu. "Watoto naweza kuzaa wengine," alikuwa akisema. "Mbegu hii nikiipoteza, nitaizaa wapi?" Alisema hivyo mbele yetu, tena bila haya.

Nilipokuwa mdogo alama ilikuwa moja, rahisi. Shina la Mgeni pale linapoingia kwenye udongo lilikuwa jekundu, letu la kijani. Tuling'oa mekundu yote, kila palizi, mpaka viuno vikatukatika. Baada ya misimu kadhaa mekundu yakaadimika, tukadhani tumeshinda. Wapi! Mgeni alikuwepo, tena kajaa tele, kasimama kwenye mistari yetu na shina la kijani. Mama akatafuta alama nyingine: mshipa wa katikati ya jani, wetu mweupe, wake umefifia. Tukang'oa kwa kufuata mshipa. Misimu ikapita, na wake nao ukawa mweupe.

"Anatusikia," mama akasema, na hapo ndipo kunong'ona kulipoanza.

Usinicheke. Simama wewe mchana katikati ya mtama uliokupita urefu, upepo umekata, na unajua kwamba baadhi ya hao wanaokuzunguka si wako, wala huwezi kusema ni wepi. Nilikuwa napalilia huku nikigeuka nyuma. Niliogopa, na niliona aibu kuogopa majani.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa baiolojia, nikapanga nyumba mjini, Makole. Siku moja nilikuwa darasani nawaeleza wanafunzi jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi hadi kizazi. Nikawaambia hakuna kiumbe kinachojifunza sura mpya kwa kusikia. Wasiofaa mahali pale wanakufa, wanaobaki ndio wanaozaa, na watoto wanarithi sura za waliobaki. Nikakwama hapo hapo, chaki mkononi. Mgeni hakuwahi kutusikia! Siku zote kulikuwa na Wageni wachache waliofanana kidogo na mtama wetu, na sisi, kwa mikono yetu, tuliwaua wengine wote ili hao wapate nafasi. Tena chavua yao ilipeperuka ikaingia kwenye masuke ya mama, na chavua ya mtama wa mama ikaenda kwao, wakazaliana. Kitabu kinasema aina mbili zimeachana kabisa pale zinaposhindwa kuzaa pamoja. Hawa walikuwa hawajaachana, na sura yetu tuliwapa sisi wenyewe, tuliosifiwa kijiji kizima kwa shamba safi. Wanafunzi waliniuliza kama naumwa.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje?

Mwaka jana macho yake yakaingia ukungu. Kaka akamshauri aachane na mtama, apande alizeti kama watu wengine. Mama akampigia kelele, kisha akaniita mimi. "Wewe ndiye mwenye macho," akasema. "Njoo unichagulie mbegu. Nikiondoka itakuwa yako."

Nilikwenda wakati wa mavuno. Nikapita shambani nikikata masuke mazuri tu, mekundu, mazito, yaliyofumbana barabara. Mama aliyapapasa moja moja.

"Ni yetu haya?"

"Ni yetu, mama."

"Una hakika?"

Nikapandwa na hasira. "Mama, si ndiyo kazi niliyosomea hii?" Mama akayafunga kwa kamba.

Nilirudi mvua zilipokuwa zinakaribia. Nikapiga hodi kwa salamu ya kwetu, "Mbukwa!", na mama akanijibu kutoka jikoni kwa kunong'ona. Nilimkuta kwenye kigoda, moto umezimwa, mlango wazi, jua limejaa uani.

"Shikamoo mama. Mbona umekaa hivyo?"

"Marahaba. Hebu nyamaza. Sikiliza."

Sikusikia kitu. Kisha, juu ya mfuniko wa sufuria: ti. Tukangoja. Ti.

"Anagonga tangu juzi," mama akasema. "Kwanza nilidhani panya. Halafu nikadhani ni marehemu baba yako. Nimemkaribisha, ila haongei."

Mungu wangu! Hapakuwa na upepo, wala mtu. Nikatazama juu, kwenye masuke niliyoyachagua mimi, na nikiwa natazama hivyo, punje moja ikajiachia yenyewe kutoka kwenye suke. Ti.

Nikayashusha. Nikachukua ungo, nikatikisa suke la kwanza, punje zikamwagika zote. La pili vivyo hivyo. Mama hakuhitaji macho. Alisikia zinavyomwagika kwenye ungo, akajua ni nani tuliyekuwa tumemlaza ndani muda wote ule.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akalia. Sikumwona akilia hata siku tuliyomzika baba. Mimi nami nililia, kwa aibu, nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimekijua na kukificha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Akaninyang'anya masuke yaliyobaki. Akalitikisa kila moja sikioni mwake, taratibu. Matatu yalikaa kimya.

"Asiyedondoka ndiye wetu," akasema, kwa sauti kubwa, bila kunong'ona.

Nilifungua kinywa kumwambia kwamba hiyo nayo ni alama, na siku moja Mgeni ataipata. Kisha nikakumbuka kwamba watu wa kale walifanya hivyo hivyo: walikuta nyasi za porini zinazopukutisha, wakabeba nyumbani zile zilizoshika punje zake, wakapanda, wakachagua tena, mpaka zikawa mtama. Huenda hata huo wa kwenye pindo la kanga ulianza kwa kuwa Mgeni wa mtu. Nikaachana na maneno, nikamsogezea kamba.

Mawili akayaweka ya kupanda. La tatu akanipa mimi. "Likae kwako, mbali na shamba. Hili likishika, mbegu ya mama yangu haijapotea."

Nimelining'iniza jikoni kwangu Makole, juu ya jiko la gesi lisilo na moshi. Kila Jumapili baada ya ibada mama anapiga kwa simu ya kaka. Haniulizi afya wala kazi. "Limeshika?" Nami najibu, "Limeshika."

Jumapili iliyopita nilikuwa nachambua mlenda nikasikia ti juu ya mfuniko. Moja tu. Nilisimama sijui kwa muda gani, kisha nikaiokota punje ile, nikaitafuna nikameza. Ule utamu ukaja baadaye, ule ule wa kwa mama.

Simu ikaita.

"Limeshika?"

"Limeshika, mama."

"Ashukuriwe Mungu," akasema. "Basi mimi nimeshamaliza kazi yangu."