Dungu la Mama

Wanasema hasira hasara. Mimi hasara nimekwisha kuipata, basi naomba niachiwe hasira yangu.

Mama yangu ni mkulima. Hajaajiriwa na mtu tangu azaliwe. Ana shamba lake la mpunga bondeni Rufiji, alilorithi kwa mama yake, na ana nyumba ya udongo kijijini, huku juu ambako maji hayafiki. Kwa miaka kadhaa alikuwa kwenye orodha ya kaya maskini, na ruzuku aliyopewa na serikali aliitumia kwa jambo moja: kuwalipa vibarua wa palizi. Magoti yake hayamruhusu tena kuinama kutwa nzima kwenye tope. Bila palizi magugu yanaumeza mpunga, na bila mpunga ingembidi aje kukaa kwangu Kibiti, alishwe. Hilo hataki hata kulisikia.

"Miye nikale kwa mkwe?" huniambia. "Nizikeni kwanza."

Kisha utaratibu ukabadilishwa. Tukaambiwa kaya zote zitatathminiwa upya, zilizoinuka kimaisha ziondolewe, zipishe nyingine. Siku ya zoezi nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama. Akaja bwana mmoja na kishikwambi, akapewa kiti, akaanza maswali. Mama hakusoma, kwa hiyo nikawa najibu mimi niliyefika kidato cha nne. Ng'ombe? Hakuna. Redio? Imekufa. Kaya ina makazi mangapi?

"Mawili," nikasema. "Hapa na bondeni."

Mtu yeyote wa kwetu angejibu hivyo hivyo. Mpunga ukishaota, watu wanahama kijijini na vyungu vyao, mikeka yao na kuku wao, wanashuka bondeni. Kule kila mwenye shamba ana dungu, yaani kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Humo unalala, unapika, unaamia ndege, unagonga debe kufukuza nguruwe pori mpaka siku ya kuvuna. Asiye na dungu tunamwona kama hana kwao. Na kusema kweli, nilijibu kwa maringo kidogo, kwa sababu yule bwana alikuwa ameuangalia ukuta wetu uliobomoka kwa namna iliyoniudhi.

Mama naye akachagiza. "Tena la kule ghorofa!" Akacheka mpaka akakohoa. Bwana hakucheka. Akabonyeza kidole, akaenda swali linalofuata.

Mdomo huponza kichwa, na safari hii mdomo ulikuwa wangu, kichwa cha mama.

Orodha mpya ilipobandikwa, jina lake halikuwamo. Tukaelezwa kwamba hajafukuzwa, amehitimu. Amehitimu! Mwanamke ambaye hajapata kukaa darasani hata siku moja, leo amehitimu, na hakuna aliyemwuliza amehitimu nini. Nilipanda bodaboda mpaka ofisini kwa yule bwana, nikamkuta, nikamwamkia, nikajikaza nisipayuke.

"Mfumo unaonyesha bibi ana nyumba mbili," akasema.

"Ile ya bondeni ni dungu, si nyumba."

"Mnalala humo?"

"Tunalala."

"Mnapika?"

"Tunapika, lakini..."

"Basi hayo ni makazi, dada. Andika rufaa. Tutakuja kuhakiki, na tukilikuta hilo jengo, mimi sina msaada."

Yeye ni mtu wa bara. Dungu alikuwa hajapata kuliona, na hilo si kosa lake. Kosa lake ni kwamba siku ile ya maswali bonde lilikuwa pale chini, mwendo wa saa moja kwa miguu, naye akatazama viatu vyake.

Rufaa ikalala mezani kwao. Palizi ikafika. Niliuacha ufuta wangu ukisongwa na majani, nikaenda kupalilia na mama. Alikuwa akipalilia amekaa chini, matopeni, anajikokota kwa makalio kutoka shina hadi shina. Nilimwambia apumzike, akaniambia mpunga haupumziki. Nililia kwa hasira, nikamgeuzia mgongo asinione. Lakini mpunga ulipona, ukachanua, ukaanza kuinama kwa uzito.

Hapo ndipo simu ikaja. Wahakiki wanakuja Jumatano.

Nikamwambia mama tulibomoe dungu.

"Sasa hivi, mpunga umebeba?" akasema. "Weye umerogwa. Nguruwe hawaandikiwi rufaa."

"Siku mbili tu, mama. Wakishaondoka tunalisimamisha."

Alikataa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamtisha kwamba palizi ya mwakani hataiweza hata kwa makalio. Mwisho akanipa panga. Nililibomoa kwa mikono yangu. Kamba nilizikata, ngazi nikaishusha, miti tukaikokota tukaificha kichakani kama watu walioiba. Na hatukuwa peke yetu. Jirani mwenye rufaa kama yetu naye alikuwa anang'oa lake. Tulisalimiana kwa mbali, hakuna aliyemwuliza mwenzake anafanya nini.

Jumatano tulikaa kijijini tangu asubuhi, mkeka umetandikwa, mama amevaa kanga yake mpya. Hakuja mtu. Alasiri nikapiga simu, nikaambiwa gari halina mafuta, watakuja Jumatatu. Jumatatu! Kwa sauti ile ile ambayo mtu anakwambia chai bado haijachemka. Mama akataka kurudi bondeni akalale chini, kando ya mpunga wake. Nikamkatalia, maana viboko wanapita pale. Kulisimamisha dungu upya tuliogopa, tusije tukafumaniwa nalo.

Jumamosi asubuhi tulishuka kuangalia. Tulianza kulisikia shamba kabla ya kuliona, ndege walikuwa wamejaa humo wanashangilia. Nguruwe walikuwa wamelila lote, kutoka mpaka hadi mpaka. Masuke yametafunwa, mabua yamelazwa kwenye tope, na mahali pengine wamechimba mpaka mizizi. Mama alipita katikati akiokota masuke yaliyosalia, moja moja, akiyaweka kwenye pindo la kanga. Hakunilaumu. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumatatu yule bwana akaja, na safari hii alikuwa ameazima mabuti ya mvua kwa mjumbe. Tukashuka naye bondeni. Akapiga picha mashimo manne zilipokuwa zimesimama nguzo. Akauliza zao liko wapi. Mama akamwonyesha kwa mkono. Akapiga picha na hapo. Kisha akasimama juu ya tuta akabonyeza, akabonyeza, na nilipomwona anatabasamu nilitamani kumsukumia mferejini. Hakuwa akitabasamu kwa ubaya. Alifurahi kwa dhati kwamba ametusaidia.

"Hongera, bibi," akasema. "Sasa umekidhi vigezo."

Mama alitia dole gumba alipoambiwa, tope likabaki kwenye kioo cha kishikwambi. Akamwuliza taratibu, kama anavyouliza bei ya chumvi, "Kwa hiyo, mwanangu, nikilima mwakani nikavuna, mtaniondoa?"

"Tutakuja kukutathmini upya, bibi." Akafuta kile kioo kwa shati lake.

Ruzuku imerudi. Siku hizi inaingia kwenye simu, na simu ni yangu, kwa hiyo kila inapolia ni mimi ninayesoma ujumbe. Mama amelima tena, na vibarua wamepalilia vizuri, shina kwa shina. Mpunga umeanza kubeba. Juzi jirani kaona nguruwe wawili ng'ambo ya mfereji. Miti ya dungu ingali kichakani, mchwa hawajaifikia, na nimesikia kwamba wahakiki wanapita tena mwezi huu, siku hawajasema. Mama kaniuliza mara mbili tuisimamishe au tuiache. Kaniuliza mimi kwa sababu ndimi niliyesoma.