Siku Babu Alipowaendea Mbwa Kinyumenyume

Enzi zetu, sisi tuliovaa makoti ya mitumba juu ya sare za shule wakati kila kitu kilipokuwa ruksa, mtoto wa kwetu Kisondela alifundishwa mambo mawili kabla hajajua kuandika jina lake: kumsalimu mkubwa kwa kuchuchumaa, na kutomkimbia mbwa. Siku hizi mtoto anamkimbia mbwa aliyefungwa mnyororo, halafu mama yake anampigia simu mwenye mbwa kulalamika. Sisi tulikutana na mbwa saba wasio na mwenyewe, na simu ya karibu ilikuwa posta ya Tukuyu, ikiwa nzima.

Mbwa wale walitoka kwenye shamba kubwa la chai lililokuwa kati ya kijiji chetu na shule. Lilikuwa shamba la umma, likawa linangoja mnunuzi, na wakati linangoja walinzi walirudi kwao. Mbwa wao hawakuwa na kwao, wakabaki. Wakajiunga nao mbwa koko wawili watatu wa vijijini waliochoshwa na maganda ya ndizi. Michai nayo, kwa kukosa wa kuichuma wala kuipogoa, ikarefuka ikapita kimo cha mtu. Humo ndimo walimokaa, wakatoka asubuhi na jioni, saa zile zile tulizopita sisi.

Kiongozi wao alikuwa dume la rangi ya majivu, sikio moja limekatika. Tulimwita Meneja, kwa sababu alilelewa kwenye nyumba ya meneja na bado alikuwa na dharau ya mtu mwenye ofisi. Hakubweka. Alisimama katikati ya njia akakuangalia, na wenzake wakatokea pembeni mmoja mmoja. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na Meneja hakutuambia chochote. Kulikuwa na mwalimu mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Pwani. Kila tulipochelewa na kumwambia tumezuiwa na Meneja alituchapa, akisema shamba halina meneja tena. Aliamini siku alipokutwa juu ya mparachichi, ana chaki mfukoni, vipindi viwili vimekwisha pita. Tulimsaidia kushuka kwa heshima zote.

Lakini lisichukuliwe kuwa jambo la kuchekesha tu. Mzee mmoja wa upande wa Masukulu aliumwa mguuni na mmoja wao. Akapaka majivu, akafunga kitambaa, akaendelea na kulima. Majuma kadhaa baadaye akaanza kuogopa maji, hata maji ya kunywa kwenye kikombe, na tukaenda kumzika. Tangu hapo mama yangu alikuwa akituambia kila asubuhi, huku anatufunga vifungo: "Simama. Usikimbie. Shika jiwe, mwangalie, rudi polepole. Mbwa ukimkimbia umemkaribisha." Tulikwenda shule na daftari mbili na mawe matano.

Sasa, mama alikuwa na mtu mwingine wa kumkwepa njiani, naye ni babu, baba yake baba. Vijana wa leo hapa itabidi wavumilie. Kwetu Wanyakyusa mke hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake. Si kwamba waligombana. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Mama hakumtazama usoni, hakumtajia jina, hakukaa naye chumba kimoja, hakusema naye neno. Wakikutana njiani, mama alitoka njiani, akajifunika kanga usoni na kumpa mgongo mpaka apite. Wakristo wengi walikwisha kuanza kulegeza mambo hayo. Babu alikuwa Mkristo kuliko wengi, na hakulegeza. Kanisani alikaa benchi la mbele kabisa, na mama akaingia baada yake akakaa la nyuma kabisa, na mchungaji alihubiri katikati yao miaka yote.

Ili kumrahisishia mkwewe, babu alitembea akiimba. Alikuwa na wimbo mmoja wa kanisani, ubeti wa kwanza tu, na aliuimba kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Mama akiusikia, popote alipo, anaacha jembe, anaacha chungu, anapotea. Nilimwona mara moja akipotea na mwiko mkononi. Miguu yake ilikuwa imezoea, haikungoja kuambiwa.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya kliniki. Mama alikuwa na mdogo wangu Lusajo mgongoni, ana miezi mitano, anapelekwa kupimwa uzito. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nakwenda shule njia hiyo hiyo. Kulikuwa na ukungu wa kwetu ule wa mwezi wa saba, unaoingia mpaka ndani ya soksi. Tulipofika katikati ya shamba, Meneja alikuwa amesimama njiani. Kulia wakatokea watatu, kushoto watatu.

Mama alifanya yote aliyotufundisha. Alisimama. Alinishika bega akanivuta nyuma yake, kisha akamzungusha Lusajo kidogo ubavuni ili aweze kumkinga kwa mkono. Aliokota jiwe taratibu. Akamwangalia Meneja machoni, na Meneja akamwangalia yeye, na mimi nikaona kabisa kwamba Meneja ndiye anayefikiria kuondoka. Aliinua mguu mmoja akaurudisha. Ilibaki kidogo sana.

Ndipo nyuma yetu, ndani ya ukungu, ukaanza ubeti wa kwanza.

Babu alikuwa anatoka nyumbani na ndoo ya maziwa, anaipeleka kwa walimu. Mama aliposikia ile sauti aliangusha jiwe, akajifunika kanga usoni, akaruka kutoka njiani na kukimbilia ndani ya michai. Mbwa hawakujua habari za wakwe. Walichoona ni mtu anakimbia, na wote saba wakamfuata.

Nilipiga kelele: "Babu! Mbwa wamemfuata mama! Na Lusajo!"

Babu alitokea kwenye ukungu. Alikuwa amevaa lile koti lake la mitumba lililomfika visiginoni, lenye vifungo vikubwa na mkanda kiunoni. Lilikuwa koti la kike, na kijiji kizima kilijua isipokuwa yeye. Kwanza aliweka ndoo chini, akahakikisha imesimama sawasawa. Kisha akatazama michai inavyotikisika, akamsikia Lusajo analia humo ndani, akasimama.

Nimefika umri ambao naweza kuelewa kilichokuwa kinapita kichwani mwake. Akiingia atamkuta mke wa mwanawe, tena kwa karibu, tena kanga pengine imeanguka. Asipoingia atakuwa amesimama njiani anasikiliza mjukuu wake akiliwa. Alisimama kwa muda wa kusali Baba Yetu kwa haraka. Halafu aligeuka, akaipa mgongo ile michai, akashika fimbo kwa mikono miwili, na kuingia kinyumenyume.

"Tumpe," akaniita kwa jina langu, uso wake ukinitazama mimi njiani, "wewe ndiye macho. Wako wapi?"

"Kushoto, babu!"

Akapiga kushoto kwake. Kwa kuwa tulikuwa tumeelekeana, kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake, na fimbo ikaupiga mchai usio na kosa. "Gwe mtoto," akasema, "kushoto kwa nani?" Nikamwambia kulia. Akapiga kulia, mbwa mmoja akalia. Akarudi nyuma hatua mbili, tatu. Nadhani hata mbwa wenyewe walitatizika, maana hawakuwahi kuona mtu anayewajia kwa mgongo. Walimwacha mama wakarudi kumchunguza. Babu alifika mpaka alipokuwa mama, akasimama akimkinga. Mama alikuwa amechuchumaa, kanga ameibana usoni kwa meno, mikono yote miwili imemzunguka Lusajo. Mgongo wa babu ulikuwa unakaribia kumgusa kichwa, na hakuna kati yao aliyemwona mwenzake.

Meneja alizunguka mbele kumtazama babu usoni. Akaruka. Babu akakinga kwa mkono wa kushoto, na Meneja akaudaka pamoja na koti.

Mimi nilirusha mawe yangu yote matano. Manne sijui yalikwenda wapi. La tano liliipiga ndoo ya maziwa. Ilianguka, mfuniko ukaruka, na maziwa ya asubuhi ile, bado ya vuguvugu, yakamwagika njiani. Mbwa wale walikuwa na njaa ya miezi. Wa kwanza alinusa akaja, wa pili akaja, wa mwisho akawa Meneja, aliyefika na kipande cha mkono wa koti mdomoni na hakujua akiweke wapi. Baadaye babu aliniuliza nani aliangusha ndoo, nikamwambia mbwa. Naomba kulikiri hilo hapa.

Tulizunguka ndani ya michai, tukatokea kwenye njia mbali na wale mbwa. Babu mbele, mimi katikati, mama nyuma umbali wa hatua kumi, kanga usoni. Babu akasimama bila kugeuka.

"Mwulize mama yako, mtoto ni mzima?"

Nikageuka. "Mama, babu anauliza mtoto ni mzima?"

"Mwambie ni mzima. Mwambie ndaga fijo."

"Babu, ni mzima. Anashukuru sana."

"Mwambie aende kliniki. Mimi narudi nyumbani."

Mama alikuwa ameinamisha macho, kwa hiyo aliona ardhi, na ardhini aliona damu. Ilikuwa inadondoka kutoka kwenye vidole vya babu, tone moja moja, kwenye majani ya chai yaliyooza. Alichana ukingo wa kanga, akanipa nimfunge. Nilifunga vibaya. Meno yalikuwa yameingia mpaka ndani.

"Mwambie babu yako aende hospitali. Wale mbwa wana kichaa."

"Babu, mama anasema—"

"Nimesikia. Mwambie nitapaka majivu."

Wote watatu tulimjua yule mzee wa Masukulu. Mama na babu walikuwa wamekwenda msibani kwake, kila mmoja kwa njia yake. Babu akaanza kutembea kurudi nyumbani kwa kupitia kwenye michai, ili asipishane na mama.

Na mama akafungua mdomo. Hakuniambia mimi nimwambie. Ilikuwa mara ya kwanza, kwa miaka kumi na moja aliyokuwa ameolewa, kumwambia babu neno, naye aliogopa kuliko alipokuwa mbele ya Meneja.

"Taata," akasema, "usipokwenda hospitali, nitakutazama."

Babu alisimama mguu mmoja hewani. Mama akashika ncha ya kanga na vidole viwili, tayari kuivuta. Babu hakuwa anaona, lakini alijua.

Alikwenda hospitali. Alikwenda mbio, mzee wa miaka sitini na kitu, koti la kike likipepea, mkono wa koti umebaki nusu, akatupita pembeni uso ameuficha kwenye kola. Kliniki walimwosha jeraha kwa sabuni muda mrefu, wakampakia kwenye lori la ndizi hadi Tukuyu, na huko wakamwanzishia sindano. Alichomwa nyingi, kwa siku walizompangia, na hakukosa hata moja. Watu walimsifu kwa kufuata masharti ya daktari. Mimi tu nilijua anafuata masharti ya nani. Aliniita akaniambia, "Ulichokisikia shambani hukukisikia." Mama naye aliniambia vivyo hivyo, na sikukisikia mpaka leo.

Babu hakuugua. Halmashauri walileta watu wenye bunduki, na Meneja na wenzake wakaisha. Mnunuzi alipatikana, chai ikapogolewa ikarudi kiunoni, na leo watoto wanapita pale kwa bodaboda, watatu kwenye kiti kimoja, hawana jiwe hata moja.

Lusajo sasa ni mtu mzima, ana mke. Mkewe ni msichana mzuri, mfanyakazi wa afya, ametokea Singida. Anamwita baba yangu "dingi". Wanakaa sofa moja wanatazama tamthilia, anamrekebishia simu, na sikukuu iliyopita walipiga picha mashavu yamegusana akaituma kwenye kundi la familia, na mioyo myekundu mitatu. Namwonea wivu, nasema kweli. Baba yangu anacheka naye kuliko alivyowahi kucheka na sisi. Mama yangu huiangalia ile picha mara nyingi. Hasemi ni mbaya. Husema tu, "Ndivyo ilivyo sasa," akairudisha simu. Nami hukumbuka enzi zile na kuona tulikuwa wajinga sana, na ninazitamani, na sijui nifanyeje na mambo hayo mawili kwa pamoja.

Babu alifariki akiwa mzee sana. Alikuwa ameishi na mama kwenye boma moja, nyumba mbili, zaidi ya miaka thelathini. Chakula chake alikipika mama kila siku na hakumpelekea kwa mkono wake hata mara moja. Baada ya ile siku ya mbwa hawakusemezana tena.

Wakati wa kuaga mwili, kina bibi walimshika mama mkono wakamwambia sasa anaruhusiwa. Alitoa kanga usoni. Aliinama juu ya jeneza, akatazama, akaendelea kutazama, mpaka foleni ikasimama hadi nje, kwenye mgomba wa pili, na mzee wa kanisa akakohoa. Mama hakusikia kikohozi.

Jioni tulikaa jikoni tunamenya ndizi za wageni wa msiba, mimi na yeye. Alimenya kama kumi.

"Kumbe alikuwa mfupi," akasema. "Mimi miaka yote nilijua ni mrefu."

Kisha akalia, na mimi nikachukua kisu chake nikamalizia zilizobaki.