Kompyuta Niliyoizika Ingali Hai

Nafundisha hapa Rumonge, na juzi nilijiaibisha mbele ya wazazi wote. Umeme ulikatika, nikapunguza mwanga wa kompyuta hadi mwisho ili betri ifike siku ya kutangaza alama. Siku hiyo nikaifungua uwanjani, juani: kioo cheusi tii, na ndani diski inakoroma. Mimi fundi wa kujifanya nikatangaza kwamba diski inakata roho, na alama zote zimekwenda nayo. Wazazi wakanipa pole, wengine wakaniombea. Mama Zawadi, muuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, akanitandia kitenge chake kichwani nisiungue jua. Kivuli kikafunika kioo. Akachungulia.

"Mwalimu, iko muzima! Zawadi wangu huyu hapa, ni wa kwanza. Na yeye ulitaka kumuzika?"