Nimewaita Wenzangu Kwenye Wimbo, Sasa Naogopa Watakavyoitika

Admin, nifichie jina, maana hapa Kisangani nikitajwa kidogo tu watu watanijua. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu. Tangu kwaya ya watoto parokiani nimeimba na wenzangu watatu: Serge ambaye ndiye mkubwa wetu, Jules na Didi. Kundi letu lilipata jina, mpaka vijana wa commune yetu ya Tshopo hapa mjini wanaimba nyimbo zetu kwa moyo. Nilikuwa sijawahi kuimba wimbo peke yangu mwanzo hadi mwisho. Pumzi ikiniishia, Serge alikuwa anadaka.

Mwaka huu niliamua kujitegemea. Niliwaambia uso kwa uso, sikuwazunguka. Serge akasema, "Bon, enda. Lakini majina yetu usiyatie tena mu kinywa yako." Nikaahidi.

Sasa sikilizeni nilivyojiponza. Katika nyimbo zetu, gitaa likichangamka, mimi ndiye niliyekuwa nawaita mmoja mmoja, na kila mmoja anaitika, "Niko!" Siku ya kurekodi wimbo wangu wa kwanza nilifumba macho, gitaa likachangamka, mdomo ukaenda wenyewe. "Serge!" Nikamsubiri. "Jules!" Nikasubiri. "Didi!" Kimya. Nilipofumbua macho nilikuwa peke yangu kwenye kile chumba, machozi yananitoka. Nikaomba tufute. Fundi wa studio akakataa: "Acha vile, petit, mudogo yangu. Pale ndipo wimbo iko bien, iko muzuri." Na mimi bwege nikakubali.

Wimbo umeanza kupigwa redioni. Mtaani wafuasi wa kundi wanasema nawadhihaki, eti nawaita kama watu waliokufa. Jana Serge akanitumia ujumbe wa sauti: "Ulituita. Donc dimanche tutakuya kuitika." Yaani Jumapili hii, siku ya onyesho langu, basi. Hakutukana, hakucheka. Nimeurudia ujumbe huo mpaka mama yangu, anayeuza pondu, majani ya muhogo, sokoni, akaninyang'anya simu.

"Serge ni mutoto nililisha mu nyumba yangu," mama akasema. "Lakini ile sauti yake, hata miye iliniogopesha."

Jumapili ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda jukwaani bila wao. Mwimbaji mwingine aliyeacha kundi lake hapa mjini alirushiwa chupa hadi akashuka anavuja damu. Kila pikipiki ikisimama mlangoni nachungulia dirishani. Nikiyaruka majina, wimbo watu wanaujua tayari, watasema nimewakana ndugu zangu. Nikiyaita, sijui atakayetokea anakuja kuimba au kunipiga. Na kuna jambo linalonitisha kuliko chupa, hata mama sijamwambia: niite, ukumbi mzima unyamaze, halafu asiwepo hata mmoja wa kusema "Niko."

Kaka na dada zangu mnaosoma hapa, gitaa likichangamka Jumapili, niwaite au nifunge mdomo?