Ngoma ya Mkuyu Mbichi

Nilimleta mimi mwenyewe katika kikundi. Kaka yangu alioa kijiji cha Ozi, akaja na mkewe kijijini kwetu karibu na Golbanti baada ya mafuriko ya Elnino, na ni mimi niliyemshika mkono wifi yangu nikampeleka mazoezini, Jumamosi alasiri, kwenye uwanja wa shule nilikokuwa nikifundisha. "Usione haya," nikamwambia. "Hapa hakuna aliyezaliwa akijua kuimba." Nikamfundisha viitikio kimoja baada ya kingine, kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la tatu: kwanza sikiliza, kisha fuata, kisha mimi ninyamaze uimbe peke yako.

Siku niliyonyamaza akaimba peke yake, wanawake wote waligeuka kumtazama.

Sisi wa mtoni Kiswahili tunakisema, lakini nyumbani tunaongea Kipokomo, na tukiimba ulimi wetu hujulikana. Yeye alikulia jirani na Kipini, pwani, kwa Waswahili wenyewe. Maneno yalimtoka laini, bila kuyatafuta. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wetu, akanigeukia. "Mwalimu, huyu umemleta tumfundishe, au umemleta akustaafishe?"

Walicheka. Nami nilicheka, huku nikihisi kama nimemeza mwiba wa samaki.

Kikundi chetu kilikuwa cha ngoma za harusi na mavuno, mpaka bwana misitu alipokuja kutuomba tuimbe kuhusu msitu. Kwa asiyejua kwetu nieleze kidogo. Nchi ni kavu, malisho ya ng'ombe wa Waorma mpaka macho yanapokoma. Lakini kando ya mto Tana kuna ukanda wa miti mikubwa, mwembamba kiasi kwamba mahali pengine unaweza kutoka majini na kulifikia vumbi kabla hujamaliza kutafuna muwa. Humo wanaishi mbega wekundu wasiopatikana kwingineko. Humo ndimo tunamopata mitumbwi, vinu na mizinga ya nyuki. Mafuriko yalikuwa yamezoa migomba yetu, na watu walianza kuufyeka msitu ili walime upya. Hotuba za bwana misitu zilisikilizwa kwa kusinzia. Akaona wimbo utawaamsha. Vikundi vya delta nzima vingekutana Garsen, kila kimoja na ngoma yake, mbele ya wageni na wenye mashamba.

Nilitaka kusimama katikati siku hiyo. Katika ngoma yetu anayetoa wimbo husimama katikati, wengine wakamzunguka. Nafasi hiyo haiombwi wala haipigiwi kura. Mwenye kuitaka huingia ndani ya mduara na ubeti wake. Waitikiaji wakimfuata yeye, wa kwanza hutoka bila neno. Mimi nilikuwa nimesimama pale tangu usichana wangu, na hakuna aliyewahi kunitoa.

Ngoma yetu kubwa ilikuwa imeoza kwa maji ya mafuriko. Nikamwendea kaka yangu atuchongee nyingine.

"Mti gani?" akaniuliza.

"Mkuyu. Mkubwa. Sitaki tufike Garsen tukasikike kama debe."

"Si mnakwenda kuwaambia watu wasikate miti?"

"Mmoja tu, kaka. Kwa kazi njema."

Akatikisa kichwa, akachukua shoka, akavuka ng'ambo. Nasema kweli, hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Kwetu mti ukishachongwa na kuwambwa ngozi si mti tena, ni ngoma. Shangazi alipoipiga mara ya kwanza alifunga macho kwa raha. Mbao ilikuwa mbichi bado, yanukia utomvu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Wifi alikuja kwangu kila mara: "Wifi, hapa nitie neno gani?" Nilimpa neno. Aliligeuza kidogo tu, na likimtoka yeye lilikuwa limekuwa zuri, nami nikijua kuwa mimi nisingeligeuza hivyo. Nikisonga ugali jikoni nilijikuta nikiigiza sauti yake, kisha nikapiga mwiko sufuriani kwa hasira. Kama angekuwa na maringo ningepumua. Lakini aliniletea mchele wa kwao Ozi, akanisaidia kusuka ukili, akanisifu mbele ya watu. Nilikula mchele wake na kumwonea wivu kwa kila tonge.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Garsen aliingia kwenye mduara. Waitikiaji walimfuata kabla hajamaliza mstari wa pili. Nikatoka.

Huko Garsen uwanja ulijaa. Wafugaji walisimama nyuma wakiegemea fimbo zao, wenye maduka walifunga milango wakaja. Wifi alisimama katikati, mikono wazi, akiwasihi watu wauache msitu. Niliwaona wanawake nisiowajua wakitikisa vichwa kwa utamu. Hapo nikashindwa kujizuia. Niliingia kwenye mduara na ubeti nilioutunga njiani, nao haukuwa wa msitu:

*Twasema msikateni, miti iliyo mtoni,*
*na ngoma hiyo ni nini, imetoka mti gani?*

Uwanja uliangua kicheko. "Jibuni! Jibuni!" vijana wakapiga kelele. Bwana misitu aliinuka kitini. Shangazi aliacha kupiga, kiganja kikabaki hewani, akanitazama kama aliyepigwa kofi na mtoto wake. Wote katika kikundi walijua nani aliagiza ngoma ile. Wifi naye alijua, kwa kuwa mumewe ndiye aliyeikata. Nilisubiri anitaje. Nadhani hata nilitamani anitaje, ili tuwe sawa kwa ubaya.

Hakunitazama. Alikwenda kwenye ngoma, akaweka mkono juu ya ngozi iliyowambwa, akaimba polepole:

*Ni mkuyu wa ng'amboni, tumeukata wenyewe,*
*sasa walia ngomani, walia tuuelewe.*
*Mkiuliza ni nani, ni mimi nilaumiwe.*

Kicheko kilikatika. Shangazi alipiga mara moja, akanyamaza, akapiga tena, na waitikiaji wakaingia wote, mstari ule ule wa pili, mara nyingi hata sikumbuki. Wazee waliokuwa nyuma wakaitikia pia. Kinywa changu chenyewe kikaitikia.

Bwana misitu alitukabili baadaye. "Mkuyu huo mlipata kibali?"

"Kibali si ndicho ulichokisikia, baba," akajibu shangazi. Bwana misitu hakucheka. Jumatatu alivuka nasi, akakiona kisiki, na tukapanda miche pale chini ya macho yake, mimi nikichimba mashimo mengi kuliko wote bila kuambiwa.

Tukirudi nilimwuliza wifi kwa nini hakunitaja.

"Nilijaribu," akasema, akicheka. "Jina lako halikuingia kwenye mizani."

Angesema amenisamehe ningemchukia kwa raha. Alinipa mzaha, akaniacha na wivu wangu wote, mzima, sasa ukiwa umeongezewa hata wema wake.

Wiki ile watoto wa darasa langu walikuja wakiimba ubeti wake. Walikuwa wameupata kwa mama zao, na walikosea: walisema mkuyu "wacheka" badala ya "walia". Nilikaa nimeshika chaki. Ningeweza kuuacha uharibike, nyimbo nyingi huharibika hivyo, hakuna wa kulaumiwa. Kisha nikawaambia wasikilize, wafuate, nikanyamaza waimbe. Nikawarudisha mwanzo kila walipokosea, mpaka mti ukalia.

Mama mmoja aliyemleta mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. "Mzuri huo, mwalimu. Umeutunga wewe?"

Nilijifuta chaki vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine.

"Hapana," nikasema. "Ni wa wifi yangu."