Bubu wa Bagara

"Bibi, miaka mitatu umenifanya bubu!" Sosthenes alinifokea. "Nimechoka!"

"Na umekuwa bubu mzuri," nikamjibu. "Hata padri anakuombea."

Mjukuu wangu Rogathe, mkewe, akapiga meza. "Bibi, leo si siku ya mizaha! Orodha inafungwa saa kumi."

Na saa nane ilikuwa imeshapita.

Huyu mkwe wangu alikuwa komandoo nchi ya jirani, akilinda wakubwa. Wakubwa wakapinduliwa, yeye akavuka mpaka kwa miguu, akaja kubeba magunia ya mahindi hapa mtaani kwetu Bagara, Babati. Alikuwa anabeba mawili kwa mkupuo. Watu mimi huwaambia manne, na punda juu yake. Lakini akifungua mdomo tu, Kiswahili chake kinatoboa siri ya alikotoka. Ndipo nikaapa mbele ya Mzee Elieza, mwenyekiti wetu wa mtaa, kwamba ni mtoto wa rafiki yangu wa Dareda, bubu tangu tumboni, kwa sababu kiboko wa ziwani alimtisha mama yake akiwa na mimba. Bagara nzima ikaamini. Wakamwita Bubu.

Bubu gani lakini! Blanketi analikunja linakuwa kama tofali. Anakula akitazama mlango. Pikipiki ikilia pa! unamkuta chini ya kitanda, amemvuta na Rogathe huko huko.

Sasa redio imetangaza: makomandoo wa kule waliokimbilia kwetu wajiandikishe. Watakaochunguzwa wakaonekana safi, jeshi letu litawachukua. Atakayejificha baada ya leo atarudishwa kwao.

"Nenda," Rogathe akasema. "Uwe askari wa hapa, uitwe kwa jina lako."

"Kule pia walituita kwa majina." Sauti ya Sosthenes ilishuka. "Watawala wapya walisema, njooni tuwaingize kwenye jeshi jipya. Wenzangu tisa wakaitikia, wakapanda lori. Mimi nilikuwa chooni, tumbo linanisumbua. Tisa, Rogathe. Hakurudi hata mmoja."



"Hawa si wale," Rogathe akasema polepole. "Na usipokwenda, unarudishwa kwa wale wale."

"Basi akae bubu," nikasema. "Bubu hawezi kuwa komandoo. Nitaapa tena."

"Utaapa mpaka lini, Bibi?" Sosthenes akasimama, akaliangalia tumbo la mkewe. "Mwanangu akizaliwa, nimbembeleze kwa ishara za mikono?"

Pazia la mlango likafunguka. Mzee Elieza huyo, bila hodi, kofia mkononi.

"Nimesikia mwanamume anaongea humu," akasema.

"Redio hiyo, mwenyekiti," nikadakia. "Karibu, kaa."

Akaitazama redio. Ilikuwa imezimwa.

Sosthenes akabana visigino, mgongo ukanyooka. Nikamkonyeza. Nikamkanyaga.

"Shikamoo, mwenyekiti," akasema. "Naitwa Sosthenes. Nakwenda kujiandikisha kabla ya saa kumi."

"Na yule kiboko?" Mzee Elieza akaniuliza mimi.