Futi Moja ya Wivu

Watu wa Kitengela wakikwambia Kiama hakosei kipimo, hawakuchezei. Anasimama mlangoni mwako, anafumba jicho moja, anatazama dirisha, kisha anasema futi saba na inchi mbili. Ukitoa tepu upime mwenyewe unakuta ni futi saba na inchi mbili, na unabaki ukijiuliza tepu ulinunua ya nini. Duka lake liko hatua chache kutoka barabara ya Namanga, kati ya kinyozi na muuza rangi, na ameshona mapazia hapo tangu siku zile nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya soko.

Lakini jicho lililojua dirisha halikujua kumpima mke wake. Hapo ndipo shida ilipokaa, na mimi simtetei.

Mke wake ni Naeku, koplo wa jeshi, Mmaasai wa upande wa Kajiado. Walijuana kwa sababu ya shati. Naeku alikuwa amepandishwa cheo mara ya kwanza, akaja dukani na shati la sare na utepe mmoja wa cheo mkononi, akataka ushonwe vizuri kwa sababu kesho yake kulikuwa na gwaride. Kiama aliushona, akaufumua, akasema umepinda. Akaushona tena, akaufumua tena. Ulikuwa haujapinda hata kidogo. Alitaka tu yule dada aendelee kukaa pale kwenye benchi. Mwaka uliofuata wakaoana, na sasa wako na binti wa miaka tisa, Wacuka, aliyepewa jina la mama yake Kiama.

Naeku anafanya kazi katika kambi iliyo mbele ya Kajiado na analala huko kwenye bweni la wanawake. Anarudi nyumbani Ijumaa moja na kuruka nyingine, na Jumapili mchana ameshaondoka. Wacuka alijifunza majuma kwa kutazama mlango: kuna wiki ya buti na kuna wiki isiyo na buti. Kiama ndiye aliyemlea, akampeleka shule, akamsuka nywele mpaka akawa fundi wa hilo pia. Kazi hiyo haikumsumbua. Kilichomsumbua ni kile alichokuwa hakioni.

Wivu wake haukuwa wa kupiga kelele. Ulikuwa wa kuuliza. Naeku alipopata utepe wa pili alirudi nyumbani ukiwa umeshonwa tayari. Kiama akauchukua mkono wa lile shati, akaupeleka penye mwanga, akasema huu mshono ni wa mtu aliyekuwa anasinzia. Akataka kujua ni nani. Naeku akamwambia ni fundi wa kambi, mzee tu. Kiama akauliza mzee wa miaka mingapi.

Halafu kukawa na Nick Lemein, koplo mwenzake. Huyo ndiye aliyemkosesha Kiama raha. Nick alikuwa anapiga simu hata Naeku akiwa nyumbani, na wakiongea wanaongea Kimaa, na wakiongea Kimaa wanacheka. Miaka kumi na moja ya ndoa, Kiama anajua sopa ya salamu na ashe ya asante, basi. Angekaa pale na mkasi wake akisubiri lipite jina lake katikati ya maneno, likipita anaumia, lisipopita anaumia zaidi. Naeku alimweleza mara nyingi kwamba yeye na Nick ni wa ukoo mmoja, Ilaiser, na kwao watu wa ukoo mmoja hawaoani, huyo ni kaka yake. Kiama alimwambia kinyozi kwamba siku hizi kila mwanaume ni kaka ya mtu, na kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kinyozi akamwambia mawingu mengine hupita tu. Hakusikia.

Basi Machi jina la Naeku likafika. Nyumba za familia ndani ya kambi ni chache na orodha ni ndefu. Jina likifika unapewa wiki mbili: familia ihamie, au nyumba iende kwa anayefuata na wewe urudi mkiani. Naeku alikuja na habari hiyo akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa shati, akaiweka mezani kana kwamba ataifungua, na hakuifungua.

“Baba Wacuka,” akasema, “nimechoka kuwa mgeni kwangu.”

Kiama akataja duka. Akataja wateja. Akataja shule ya Wacuka na maji ya Kajiado. Naeku akajibu yote polepole: kutoka kambini hadi Kitengela ni safari ya saa moja, shule iko, maji ya kambi hayakatiki. Kiama akasema tutaona. Wiki ya pili akasema hapana.

Sababu yenyewe hakuisema. Kwenye geti la kambi wangemuuliza yeye ni nani, na jibu lingeandikwa kwenye kitabu: mume wa Koplo Naeku. Mlango wa nyumba ungekuwa na jina la mkewe. Na asubuhi, akitoka nje, angemkuta huyo Nick akipita na buti zake akimsalimia mkewe kwa Kimaa. Naeku akiwa mbali, Kiama alionea wivu asichokiona. Wakiwa karibu, aliogopa atakiona. Mtu wa namna hiyo utampeleka wapi akatulia? Naeku hakubishana. Aliirudisha ile karatasi mfukoni, Jumapili akavaa buti, akaenda. Kuuliza si ujinga, na Kiama aliuliza kila kitu isipokuwa karatasi ilikuwa ya nini.

Mwezi wa Mei Naeku akaja na kitambaa. Kilikuwa rangi ya maziwa, kizito, cha kuanguka vizuri, kile kile alichokuwa akikitaka siku zote na Kiama akimwambia vumbi la Kitengela litakimaliza kwa wiki. Juu ya kitambaa akaweka karatasi ya vipimo.

“Nick amepata nyumba,” akasema. “Mke wake Celine anakuja kutoka Kimuka mwisho wa mwezi. Washonee mapazia. Ni zawadi yangu.”

Kiama akauliza kwani Nick hana mikono. Naeku akasema shona tu. Hiyo ilikuwa Jumapili.

Jumanne mchana Kiama akatandaza kitambaa juu ya meza ya kukatia. Karatasi ilikuwa na namba za madirisha matatu, kwa mwandiko wa Naeku: upana kwanza, kisha urefu, kisha inchi za kukunja, jinsi Kiama mwenyewe alivyomfundisha. Na hilo ndilo lililomchoma. Angejuaje madirisha ya Nick mpaka inchi? Basi Naeku alisimama ndani ya nyumba ile. Alishika tepu upande mmoja, na Nick akashika upande wa pili. Kiama aliwaona waziwazi, wakicheka kwa Kimaa, na rangi ya maziwa ikichaguliwa kwa ajili ya chumba cha mwanaume mwingine, mke wake akiwa amekataliwa rangi hiyo nyumbani kwake mwenyewe. Kwamba aliyemkatalia ni yeye Kiama, hilo hakulifikiria.

Karatasi ilisema futi saba. Kiama akakata futi sita.

Hakuteleza. Alikata la kwanza akaliweka kando, akakata la pili, akaenda hivyo mpaka yakawa sita, mawili kwa kila dirisha, mkono umetulia, na kila moja futi moja pungufu kwa usahihi uleule wa kazi yake yote. Acha yaning'inie juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka, na Celine ajiulize ni fundi gani huyu, na Nick aone aibu mbele ya wageni. Aliona raha. Raha hiyo ilidumu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Aliporudi mezani alitaka kuhakikisha upana wa dirisha la tatu, akaichukua karatasi, na ndipo akaona mikunjo. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na tarehe ya Machi, na chini yake maelezo ya kila dirisha. La kwanza, sebule. La pili, chumba cha Wacuka. La tatu: upande wa mashariki, cherehani ya Baba Wacuka, mwanga mzuri asubuhi.

Kiama akakaa chini. Mteja aliingia kuuliza bei ya pazia la bafu, akamjibu, na hata leo hajui alimjibu nini.

Nyumba ya Nick ilikuwa nyumba yao. Aliyefuata kwenye orodha alikuwa Nick, basi. Naeku alikuwa ameipima kabla ya kuja kumwomba, dirisha kwa dirisha, na akamtafutia mahali pa cherehani kabla ya kujitafutia mwenyewe mahali pa kitanda. Kiama alijisikia mdogo mpaka akaona haya hata mbele ya mkasi.

Kitambaa kilichokatwa hakirudi. Siku mbili alizunguka na kipande mkononi, Kitengela yote, akafika mpaka Rongai, na kila duka likamwonyesha rangi inayofanana lakini si yenyewe. Alhamisi akapanda juu ya kitanda chao, akashusha mapazia ya chumba chao, yale ya kahawia aliyoyashona wakati wa harusi. Akayafua, akayapiga pasi, akayakata vipande vya futi moja na kuviunga chini ya kila pazia la rangi ya maziwa. Alishona mshono mara mbili. Wacuka akauliza kwa nini dirisha liko wazi, na babake akamwambia vumbi nalo ni mgeni, aliache liingie.

Jumamosi hakungoja Naeku aje kuyachukua. Alimwacha Wacuka kwa mke wa kinyozi, akabeba mapazia mwenyewe mpaka kwenye geti la kambi. Kijana wa zamu akamuuliza yeye ni nani. Kiama alikuwa ameliogopa swali hilo miezi mitatu.

“Mume wa Koplo Naeku.”

Kijana akaacha kuandika. Akataka kujua kama ni yule fundi anayepima kwa jicho, kwa sababu Koplo amewaambia mpaka wamechoka. Kisha akamshika mkono kwa mikono miwili. Kiama akapita akiwa ameinamisha kichwa, maana sifa nayo ina siku inauma.

Nick alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na kicheko kikubwa kuliko mwili. Alimwita shemeji tangu mlangoni, akamshikia ngazi, na muda wote aliongea Kiswahili. Celine, siku zake za kujifungua zikiwa zimekaribia, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama. Mapazia yakaanguka mpaka sakafuni, sawasawa, bila inchi kuzidi. Celine akaushika ule ukanda wa kahawia, akasema hii design hajaiona popote, na dada zake wa Kimuka lazima waione. Naeku alikuwa amesimama kando. Aliuangalia ukanda, akaujua. Wakafika chumba cha tatu, wakabaki wawili.

“Wewe hukosei kipimo,” akasema.

“Sikukosea. Nilikata kwa wivu.”

Naeku akaugusa kwa kidole ule ukanda wa pazia la chumba chao cha Kitengela, mle kwenye nyumba ya watu. “Kitambaa nilinunua siku jina lilipofika,” akasema. “Nikangoja useme ndiyo.”

Kiama akauliza kama jina limerudishwa kwenye orodha. Akaambiwa limerudi. Akauliza ni la ngapi.

“Arobaini na moja.”

Akapiga hesabu. Mambo yakienda vizuri sana, zamu ikifika Wacuka atakuwa amemaliza shule ya msingi. Akamwambia asiliondoe. Naeku akasema hakuwa na mpango wa kuliondoa, na akampangusa uzi uliokuwa umemnasa begani, jinsi anavyofanya kila Ijumaa ya buti. Hakutabasamu, lakini mkono ulikaa pale begani zaidi ya haja ya uzi.

Dirisha lilitazama mashariki, kama alivyoandika. Hapakuwa na vumbi. Jua lilikuwa limeshapanda lakini bado lilimwagika kwenye kile kipande cha sakafu karibu na ukuta, mwanga mweupe wa kupitisha uzi kwenye sindano bila kukaza macho. Miaka yote Kiama alimwonea Nick wivu kwa jambo ambalo halikuwapo. Sasa aliona wivu wa kweli, na uliuma tofauti, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumlaumu.

Celine akaingia polepole, mkono kiunoni. Akaonyesha ile sehemu yenye jua, akasema hapo wamefikiria kuweka kitanda cha mtoto, mwanga wa asubuhi ni mzuri. Lakini anaogopa ni padogo. Fundi anaonaje?

Kiama akafumba jicho moja. Cherehani futi tatu. Kiti. Nafasi ya goti, na meza ndogo ya kukatia pembeni. Yangeingia yote, na inchi nne zingebaki.

“Panatosha,” akamwambia.